Wawili Ndani ya Kasri: Uzoefu Wangu na Castlevania: Portrait of Ruin

Nimelimaliza gemu hili, kisha nikarudi kulimaliza tena kwa njia nyengine, na bado sijashiba. Castlevania: Portrait of Ruin ni gemu la Konami la mwaka 2006, lililotengenezwa kwa ajili ya Nintendo DS, mashine ya magemu ya mkononi, chini ya usimamizi wa Koji Igarashi. Mimi nimelicheza kupitia Castlevania Dominus Collection, mkusanyiko uliotoka Agosti 2024, kwenye laptopu, hapa Chake Chake, baada ya isha, mdogo wangu wa kike akiwa ubavuni anafuatilia kila kitu kama vile pedi iko mikononi mwake yeye.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1944. Vita vya Pili vya Dunia vimejaza nyoyo za watu uchungu, roho za waliokufa hazijatulia, na kasri la Dracula, mkuu wa wanyonya damu, limesimama upya. Wanaokwenda kulikabili ni vijana wawili. Jonathan Morris anabeba mjeledi wa ukoo uitwao Vampire Killer, mjeledi ulioua wanyonya damu kwa vizazi, lakini hajapata kuwa bwana wake wa kweli. Charlotte Aulin ni msichana aliyebobea katika uchawi, na silaha yake ni kitabu: anakifungua, na panga na mikuki inachomoza kutoka kwenye kurasa. Wakifika kasrini wanakuta mwenyewe Dracula hayupo. Aliyelishika kasri ni Brauner, mnyonya damu mchoraji, anayezitumia picha zake kuifunga nguvu ya Dracula ili aitumie yeye.

Kila picha ni mlango. Unaingia ndani ya fremu na kujikuta pengine kabisa: mji wenye ukungu unaofanana na London, piramidi lililofukiwa na mchanga, kiwanja cha sarakasi kilichopinduliwa juu chini, skuli iliyozungukwa na msitu. Ile sarakasi ndiyo iliyonishika. Unatembea hujui dari ni ipi na sakafu ni ipi, na mwisho wake unakutana na Legion, tufe kubwa la maiti zilizogandamana, linalobomoka kipande kipande kadiri unavyolipiga. Mdogo wangu aliondoka chumbani. Alirudi lilipokwisha kufa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Magemu yenye wahusika wawili yako mengi, na mara nyingi yule wa pili ni pambo tu, anakufuata nyuma na kukuzibia njia. Humu wawili ni wawili kweli. Unamwongoza mmoja, mwenzake anapigana mwenyewe pembeni, na kwa kitufe kimoja mnabadilishana. Kwa kitufe chengine unamrudisha akae asubiri. Uhai wenu ni mmoja. Lakini mwenzako akipigwa, kinachopungua si uhai, ni akiba ya uchawi. Kanuni ndogo hiyo imebeba gemu zima. Ukimwacha mwenzako apigwe ovyo utakosa nguvu ya kufanya lolote la maana, basi unajifunza kumwangalia: unamwita vita vinapomhitaji, unamwondoa panapokuwa pabaya.

Uzuri wake unaonekana zaidi Charlotte anaposoma uganga mkubwa. Unamwita huku wewe ni Jonathan, naye anasimama pale pale kusoma maneno yake mpaka yatimie. Muda wote huo hatembei. Ni kazi yako kusimama mbele yake, kuzipiga popo na mifupa inayotembea, kuhakikisha hakuna kitu kinachomfikia. Akimaliza, skrini nzima inawaka. Na lipo pigo la pamoja, wote wawili kwa mara moja, linalomeza akiba kubwa ya uchawi, nami nilikuwa nikiliweka kwa ajili ya mabosi tu, yaani maadui wakubwa wa mwisho wa kila sehemu. Nje ya vita pia mnahitajiana. Yapo masanamu mazito ambayo mmoja hayawezi, lazima muyasukume bega kwa bega kama wavuvi wanaoteremsha ngalawa pwani, na zipo kuta ambazo hupandi ila ukanyage bega la mwenzako kwanza.

Nilipoanza kuliona hilo nikaliona kila mahali. Hadithi yote imejengwa kwa jozi. Brauner ana mabinti wawili, Stella anayepigana kwa upanga na Loretta mwenye uchawi wa barafu. Si mabinti zake wa kuwazaa. Aliowazaa walikufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na chuki yake kwa binadamu ilianzia hapo. Hawa amewachukua kwa watu, akawageuza wanyonya damu, akawapa nafasi ya wale aliowazika. Baba yao wa haki ni Eric Lecarde, ambaye Brauner alimuua, na mzuka wake umebaki ndani ya kasri. Anajiita Wind, anawapa vijana kazi za kufanya na kuwalipa kwa silaha na mafunzo, na kwa muda mrefu hasemi yeye ni nani. Anayemkumbuka Eric kutoka Castlevania: Bloodlines ya mwaka 1994 atatetemeka, maana huko Eric na John Morris, baba yake Jonathan, ndio wahusika wawili ambao mchezaji huchagua mmoja wao amwongoze. Hapa watoto wa wale wawili wanasimama pande mbili za uadui.

Unapofika kupambana na akina dada, gemu halikwambii wazi la kufanya. Unaweza kuwaua. Upanga unafanya kazi, mjeledi unafanya kazi, na mabosi wote mpaka hapo umewaua bila kuulizwa. Mdogo wangu ndiye aliyeushika mkono wangu.

"Kaka, usiwaue hao. Hao ni watoto wa watu."

"Sasa nifanye nini, nao wananimaliza?"

"Yule Charlotte ana uganga wa kuponya. Mwache asome, wewe mlinde."

Alisema kweli. Uganga unaitwa Sanctuary, unamrudishia ubinadamu aliyegeuzwa, ila kuusoma kunachukua muda, na wakati huo Stella na Loretta wanakushambulia kwa pamoja. Jukumu lote la kumlinda msomaji ambalo umekuwa ukilizoea tangu mwanzo linakuja kudaiwa hapo. Ukiwaua, gemu linakatika na kukupa mwisho mbaya. Ukiwaponya, mlango unafunguka kuelekea nusu ya pili ya hadithi. Sijaona magemu mengi ambayo huruma ni ngumu kuliko kuua na mchezaji akaisikia tofauti hiyo mikononi mwake.

Jonathan naye ana lake. Mjeledi ule hula uhai wa asiyekuwa wa ukoo wa Belmont, wawindaji wa wanyonya damu, na ndio uliomwondoa baba yake duniani. John alikufa bila kumfundisha mwanawe kuutumia, na kijana amekua na kinyongo kwa hilo. Kuna baba aliyefiwa na mabinti, kuna mzuka wa baba anayewalilia mabinti zake, kuna mtoto anayemlaumu baba aliyelala kaburini. Kwa gemu la kupiga mifupa, huo ni mzigo mkubwa, na linaubeba.

Kuhusu kutisha: sisi Pemba hatuhitaji kufundishwa hofu ya chenye mabawa. Mwaka 1995 watu walilala nje kwa makundi kwa sababu ya jini Popobawa, na habari za mumiani tulizisikia tukiwa wadogo. Kwa hiyo mishumaa, majeneza na korido ndefu za kasri hazikunifanya nijihisi mgeni. Kilichonigomba kidogo ni popo. Nimekwenda Kidike kuwatazama popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kwengine duniani, wakila matunda kwa utulivu juu ya miti, na kila nikiwapiga hawa wa kasri nafsi inasita.

Muziki umeandikwa na wawili vile vile, Michiru Yamane na Yuzo Koshiro, na ningeshauri uvae hedifoni. Michoro ya nyuma ni ya kupendeza mno. Sura za wahusika zimechorwa kwa mtindo wa katuni za Kijapani, nyepesi, macho makubwa, na kwa hadithi yenye huzuni hivi nilitamani kitu kizito zaidi.

Kuna pahala ambapo jozi imegeuka udhaifu, nami imeniudhi. Picha kuu ziko nane, lakini nne za mwisho ni marudio ya nne za mwanzo. Mji wa ukungu unarudi usiku ukiwaka moto, piramidi linarudi, sarakasi inarudi, skuli inarudi. Maadui ni wapya na wakali, njia zimebadilishwa kidogo, lakini mguu unajua kwamba umeshapita hapa. Baada ya kilele cha akina dada nilitaka kuona mahali papya, nikapewa pa zamani palipopakwa rangi nyengine. Gemu linajikomboa kwa pambano la mwisho, ambapo Dracula hayuko peke yake, anasimama na Mauti mwenye fyekeo. Wawili dhidi ya wawili. Hapo nilipiga kelele mpaka mama akagonga ukuta.

Kwa anayetaka kulinunua: mkusanyiko wenyewe bei yake ya kawaida ni dola 24.99, na ndani yake mna magemu mengine, yakiwemo Dawn of Sorrow na Order of Ecclesia. Unapatikana kwenye Switch, PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta kupitia Steam, duka la magemu la mtandaoni. Kwenye PlayStation 4 haumo, na huko ndiko waliko wengi wa vijana wetu, basi laptopu ndiyo njia nyepesi. Gemu ni la picha bapa (2D) tu, halidai mashine ya nguvu. Unaweza kuhifadhi ulipofika wakati wowote, jambo la faraja umeme unapokatika na betri imechoka. Kiswahili hakimo; mimi nimelicheza kwa Kiingereza. Mzazi ajue kwamba kuna damu, mashetani na misalaba mingi. Lilipotoka mara ya kwanza Marekani walilipa daraja la miaka 13 na kuendelea, na mimi nisingempa aliye chini ya hapo.

Ukilimaliza kwa mwisho mzuri usilifute. Zinafunguka njia nyengine za kulicheza, mojawapo ni ya Richter Belmont na Maria, mashujaa wa Castlevania ya zamani, wawili tena, na katika nyengine unawaongoza Stella na Loretta wenyewe. Hiyo ya akina dada mdogo wangu ameichukua, na pedi hairudishi.