Uzoefu wangu na Secure Folder kwenye simu ya mweka hazina wa kikoba, Kigoma

Natumia Secure Folder ya Samsung, ile folda ya siri ndani ya simu yenye kufuli lake, tangu niliponunua hii simu yangu ya mtumba, na mtu akiniuliza kama inafaa, namjibu inafaa sana kwa kazi moja: kukulinda na watu unaowapa simu kwa mkono wako mwenyewe. Mwizi ana dawa yake, nitaigusa huko mbele. Ila kwa sisi ambao simu zetu hazikai mikononi mwetu peke yetu, hii ndiyo kinga niliyokuwa naitafuta.

Nauza vitenge soko la Mwanga, na ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama. Simu ndiyo duka langu na ndiyo kabati la kikundi. Humo kuna picha za mzigo mpya, orodha ya hisa, nani amekopa kiasi gani, nani amechelewa marejesho. Mwanachama akiomba mkopo ananitumia picha ya kitambulisho chake cha NIDA na cha mdhamini wake, mara nyingine na karatasi za kiwanja. Hizo siri si zangu. Nimekabidhiwa.

Na simu hiyo hiyo inapita mikono mingi kwa siku. Mteja akitaka kitenge ambacho sijakitandika, namfungulia Galari achague. Anatelezesha kidole: cha maua, cha ndege, cha mistari, halafu inatokea sura ya mwanachama wetu, jina kamili na ile namba ya NIDA yenye tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa. "Kumbe na huyu yumo kwenye kikoba chenu, dada? Amekopa?" Mteja aliyeniuliza hivyo hakuwa na nia mbaya. Lakini swali kama hilo likitoka Mwanga asubuhi, likifika Ujiji jioni limeshaota miguu mingine.

Kuna watakaosema basi usimpe mtu simu. Hao hawajauza sokoni. Jirani salio limemwishia anaomba apige mara moja, mtoto wa dada analilia katuni, abiria anayewahi boti Kibirizi anataka umtafutie namba ya mtu. Kumnyima mtu simu huku kwetu kunasemwa, na mimi sitaki kuishi hivyo. Nilitaka simu ninayoweza kuitoa bila moyo kudunda.

Kwanza nilijaribu programu za kufuli za bure kutoka Play Store. Sizitaji majina, ziko nyingi na tabia zao zinafanana. Nyingi zinafanya kazi kwa kuomba ruhusa ya kuona ni programu gani umefungua na ruhusa ya kujichora juu ya programu nyingine. Ukigusa WhatsApp, ile ya kufuli inawahi kuweka pazia la kuomba PIN. WhatsApp yenyewe haijafungwa hata kidogo. Simu ikijaa na ile hali ya kubana betri ikazima programu za nyuma, pazia linaanguka na kila kitu kiko wazi. Anayejua simu kidogo anaiwasha kwa hali salama, ile inayozima programu zote za kupakua, naye ameshaingia. Juu ya hapo ni matangazo kila ukifungua, na unashangaa mlinzi gani huyu anayeomba kuona majina ya watu wako, picha zako na mahali ulipo. Baya kuliko yote ni zile zinazoficha picha ndani yao: ukiifuta programu, unaweza kuzifuta na picha. Dada mmoja wa kikundi chetu alipoteza hivyo picha za marehemu mama yake, na hakuna fundi wa mjini hapa aliyeweza kuzirudisha. Hilo lilinikata hamu kabisa.

Secure Folder imejengwa tofauti. Inakuja na simu, chini yake kuna mfumo wa usalama wa Samsung unaoitwa Knox, na inatengeneza chumba cha pili ndani ya simu, chenye funguo zake. Vilivyomo vimesimbwa, yaani bila PIN ni takataka tupu zisizosomeka. Unaikuta kwenye Settings, sehemu ya usalama na faragha. Mara ya kwanza inakutaka uingie na akaunti ya Samsung, na inakuuliza kama ungependa akaunti hiyo ikusaidie siku ukisahau PIN. Kubali, na nenosiri la hiyo akaunti liandike mahali pa uhakika nyumbani.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni WhatsApp ya pili. Kikoba kina laini yake, nikaisajili WhatsApp ndani ya folda. Sasa mwanachama akituma picha ya kitambulisho, picha inashukia humo humo ndani. Haionekani kwenye Galari ya nje hata ukitafuta. Ukipiga picha ya skrini ukiwa ndani, nayo inabaki ndani. Mteja anaweza kupekua vitenge hadi achoke, atakutana na vitenge tu. Picha za zamani nilizihamisha kwa kuzichagua kwenye Galari na kubonyeza kuzipeleka kwenye folda, na zikaondoka nje.

Nimeiweka ijifunge kila skrini inapozima. Kuna chaguo la kusubiri dakika kadhaa, lakini dakika hizo ndizo mtoto anazozitaka. PIN yake ni tofauti na ya kufungulia simu, na kwa hilo nasisitiza: watoto wanaijua patani ya mama yao, ule mchoro wa kidole wa kufungulia simu, kuliko wanavyojua hesabu za shule, na hata asiyeijua akiinamisha kioo kwenye mwanga anaiona michirizi ya kidole. Tumia namba, tena zisiwe mwaka wa kuzaliwa. Alama ya kidole ni nzuri kwa haraka, na simu ikizimwa na kuwashwa upya inadai PIN kwanza. Unaweza pia kuiondoa ikoni yake isionekane kabisa. Mimi nimeiacha. Sina haja watu wasijue ninalo kufuli.

Sasa kasoro. SMS za kawaida zinabaki nje ya folda, na huko ndiko zinakoingia meseji za pesa zenye jina la aliyetuma, kiasi na salio. Kwa hizo nimezima maudhui yasionekane kwenye skrini iliyofungwa, na nafuta ninazomaliza kuzinakili daftarini. Menyu za nyota na reli nazo hazihusiki na folda: mwenye simu mkononi anaweza kupiga *150*00# ya M-Pesa kama mimi, kinachomzuia ni namba ya siri ya pesa peke yake. WhatsApp mbili zinakula nafasi, na kwenye simu ndogo utaliona hilo mapema. Na ukifuta simu yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, vya ndani ya folda vinaondoka navyo. Kabla ya kubadili simu, vitoe kwanza.

Kwa mwizi, kinga iko kwenye laini. Ukiibiwa simu, mwizi hana shida na picha zako, anachomoa laini na kuiweka kwenye kitochi chake, na hapo meseji zote za uthibitisho zinamfuata yeye. Kwa hiyo weka PIN kwenye laini yenyewe, kwenye Settings sehemu ya laini. Laini huja na PIN yake ya mwanzo, mara nyingi imeandikwa kwenye kadi uliyobandulia laini, usiibahatishe: ukikosea mara 3 inataka PUK, namba ya kuifungulia laini yenye tarakimu 8, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa, uende dukani na kitambulisho na kidole. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu 6, ili hata mwenye laini yako asiweze kujisajili kama wewe. Hivi viwili ni bure na havitaki simu ya Samsung.

Kwa nini naumia hivi kwa orodha ya kikoba? Kwa sababu ya wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Meseji ya kubahatisha tunaicheka na kuipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli. Lakini tapeli akijua jina lako, kikundi chako, mweka hazina wako ni nani na mgao ni lini, meseji yake inakuwa na uzito mwingine, na mama aliyeweka akiba mwaka mzima anaweza kuituma hela kweli. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa azilinde. Niliisoma nikiwa na orodha yetu kichwani, kisha nikakaa na mwenyekiti wetu tukakubaliana picha ya kitambulisho ifutwe mkopo ukishalipwa wote. Wanachama walilipokea vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kwa fundi nako kuna la kusema. Kioo kikipasuka, fundi anakwambia, "Dada, niachie na patani nijaribu tachi." Ana haki, bila kufungua simu hawezi kujua kama tachi inashika. Samsung tangu 2022 imekuwa ikiweka kwenye simu zake kitu kinaitwa Maintenance mode: ukikiwasha, simu inafunguka kama mpya, fundi anajaribu anachotaka, na picha, meseji na akaunti zako hazionekani. Ukirudi unafungua mwenyewe na vitu vyako vipo. Yangu inacho, na nilimwachia fundi simu nikaenda zangu kula. Na ukienda vijiji vya ziwani ambako simu inashinda kwenye kibanda cha kuchajia, ni bora uizime kabisa kabla ya kuiacha.

Wengi wetu hapa tuna Tecno, Infinix na Redmi, na hizo Secure Folder hazina. Nyingi zina kufuli lake la ndani, App Lock, kwenye Settings au kwenye Phone Master, programu inayokuja na simu za Tecno na Infinix, na hilo ni bora kuliko la kupakua kwa sababu simu yenyewe hailizimi ovyo. Kwa picha na nyaraka kuna Files ya Google, ina Safe Folder tangu 2020, nimemfungulia mdogo wangu na inamtosha. Ila ile PIN ukiisahau, hata Google hawakufungulii. WhatsApp nayo tangu 2023 inakuruhusu kufunga chati moja moja, na mwishoni mwa mwaka huo wakaongeza msimbo wa siri wa kuzificha kabisa. Kwa asiye na laini ya pili, hiyo ndiyo njia rahisi.

Ukiamua kununua Samsung ya mtumba kwa ajili ya hii, zile za bei ya chini kabisa nyingi hazina Secure Folder, na hata yenye nayo inaweza kuwa imeharibiwa. Simu ikishachokonolewa mfumo wake, wanachoita kuiruti, Knox inajizima moja kwa moja, na kuflashi, yaani kuiwekea simu mfumo upya, hakuirudishi. Kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo ukiwa bado dukani, kabla hujatoa hela, unganisha intaneti, ingia Settings, andika Secure Folder kwenye sehemu ya kutafuta na uifungue. Ikikubali mpaka mwisho, weka picha moja ndani, ifunge folda, ifungue tena, kisha uifute folda hiyo na utoe akaunti yako. Muuzaji akikuharakisha kabla hujamaliza hapo, rudisha simu yake mezani, maduka ya simu barabara ya Lumumba hayajaisha.