Ohio State 2024: mali safi yenye kiraka katikati

Dola milioni 20. Ndicho kiasi ambacho mkurugenzi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, Ross Bjork, alikitaja hadharani kabla ya msimu wa 2024 kuwa kimewafikia wachezaji wa kikosi kizima cha kandanda ya Kimarekani (American football) kupitia mikataba ya jina na sura, yaani malipo ya kutumia jina na picha ya mchezaji kibiashara. Walichopata mashabiki wa Columbus, mji wa chuo hicho, ni ushindi 14, vipigo viwili na ubingwa wa taifa. Mali ilikuwa safi, hilo halina ubishi. Ila ilikuwa na kiraka katikati, na anayepima msimu ule kwa kombe tu hakioni.

Usajili ulifanywa kwa akili. Kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) Will Howard alitoka Kansas State, mkimbiaji Quinshon Judkins akatoka Ole Miss, na Alabama wakapoteza wawili kwa mpigo: beki wa nyuma Caleb Downs na senta Seth McLaughlin. Kwangu Downs ndiye aliyerudisha thamani ya fedha kuliko wote. Ulinzi ulimaliza msimu ukiruhusu wastani wa pointi 12.9 kwa mechi, hakuna timu ya daraja la juu iliyoruhusu chache zaidi.

Mwanzoni ulinzi huo ulivuja. Oktoba 12 kule Oregon, kwotabeki wao Dillon Gabriel aliurushia yadi 341 na Oregon wakashinda 32-31. Wengi wanamkumbuka Howard akiteleza chini huku saa ikiisha, lakini tukio la kuangalia kwa makini ni la sekunde chache kabla ya hapo: Oregon waliingiza walinzi 12 badala ya 11, wakaadhibiwa yadi tano, na sekunde nne zilizokwisha kwenda hazikurudi. Siku chache baadaye ufafanuzi wa kanuni ukaziba mwanya huo.

Hasara kubwa ya usiku ule ilikuwa goti la Josh Simmons, mzuiaji wa pembeni kushoto, yule anayemlinda kwotabeki upande asiouona. Novemba ikafuata kano ya kisigino ya McLaughlin. Senta hafanyi kazi ya kuutoa mpira tu. Yeye ndiye anayesoma ulinzi na kuwaambia wenzake nani amzuie nani. Donovan Jackson akasogezwa kutoka ndani kwenda pembeni, Carson Hinzman akawa senta, Austin Siereveld akajaza pengo la Jackson. Jackson aliimudu nafasi yake vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Ndani ndiko kulikolegea, na hicho ndicho kiraka chenyewe.

Sasa njoo Novemba 30, nyumbani, dhidi ya Michigan waliokuwa na Mason Graham na Kenneth Grant, mapande mawili ya watu katikati ya ulinzi. Ohio State wakang'ang'ania kupita hapo hapo. Mbio 26, yadi 77. Hesabu yake ni rahisi: una majaribio manne ya kupata yadi 10, ukipata chini ya tatu kila unapokimbia, jaribio la tatu linakukuta mbali na lazima urushe, na ulinzi unajua utarusha. Howard alinyakuliwa mipira miwili, mpigaji Jayden Fielding akakosa mateke mawili ya pointi tatu, Michigan wakashinda 13-10. Pembeni kabisa walikuwa wamesimama Jeremiah Smith, Emeka Egbuka na Carnell Tate, wapokeaji ambao timu nyingi zingefurahi kuwa na mmoja wao tu. Hapo lawama ni ya benchi la ufundi.

Kwenye mchujo, wa kwanza wenye timu 12, watu walikuwa wale wale na kiraka kile kile. Kilichobadilika ni mpango. Mpira ulirushwa mapema na pembeni, kisha mbio zikafuata ulinzi ukiwa umeshatawanyika. Tennessee walilala 42-17. Oregon, waliokuwa hawajafungwa hata mara moja, walijikuta nyuma 34-0 kabla ya mapumziko kwenye mechi ya robo fainali ya Rose Bowl na kulala 41-21. Smith peke yake alipokea yadi 187. (Kumpangia timu namba moja mpinzani wa aina hiyo robo fainali ilikuwa kasoro ya mfumo, na upangaji ulibadilishwa mwaka uliofuata.)

Nusu fainali na Texas ndiyo ya kurudia kuangalia ukiwa na muda wa mechi moja tu. Texas walifika yadi moja kutoka mstari wa goli wakiwa nyuma 21-14, wakaurusha mpira pembeni kwa mkimbiaji na kurudishwa nyuma kwa yadi saba. Jaribio la nne, mlinzi wa Ohio State Jack Sawyer akampokonya kwotabeki wa Texas Quinn Ewers mpira na kukimbia nao yadi 83. Ilikwisha 28-14.

Fainali Atlanta, Januari 20, 2025: Notre Dame walikuwa chini 31-7, wakajikongoja hadi 31-23. Zikiwa zimebaki chini ya dakika tatu, jaribio la tatu na yadi 11, uamuzi wa woga ungekuwa kukimbia katikati kula muda, kama Novemba. Kocha mkuu Ryan Day akaruhusu mpira urushwe mbali kwa Smith, aliyekuwa na mlinzi mmoja tu. Yadi 56. Fielding akamalizia kwa teke, 34-23.