Ulsanbawi na jiwe linalotikisika: uzoefu wangu Seoraksan, Korea Kusini

Ukiwa Korea Kusini na ukapata nafasi ya kutoka Seoul, nenda Seoraksan, hifadhi ya milima, na ukifika huko shika njia ya kupanda mwamba wa Ulsanbawi. Basi la kwenda mji wa Sokcho huchukua kama saa mbili na nusu, halafu unapanda basi namba 7 au 7-1 mpaka lango la hifadhi. Kuingia ni bure. Zamani hekalu lililomo hifadhini lilikuwa likitoza ada langoni, lakini iliondolewa Mei 2023.

Ukishapita lango unakutana na Buddha wa shaba aliyeketi, kimo mita 14.6, uzito tani 108. Amewekwa hapo kuombea Korea mbili ziungane, na kwa watu wa huku ombi hilo si la mdomoni tu: kabla ya vita vya 1950, Sokcho yenyewe ilikuwa upande wa Kaskazini. Mbele kidogo ni hekalu la Sinheungsa, ambalo mapokeo yanasema asili yake ni hekalu lililoanzishwa na mtawa Jajang mwaka 652.

Njia inapita msituni, mwanzo rahisi, baadaye mawe matupu, mpaka Gyejoam. Hapa ndipo pamenishika moyo. Ni hekalu dogo ndani ya pango, na dari lake ni jabali. Unavua viatu, unainama kuingia, harufu ya ubani inakupokea. Bibi mmoja alikuwa akisujudu, anainuka taratibu, anasujudu tena. Tukakaa nyuma yake kimya mpaka alipomaliza.

Nje, juu ya mwamba bapa, ndipo lilipo Heundeulbawi, jiwe kubwa kama kibanda cha duka. Wenyeji husema mtu mmoja anaweza kulitikisa, na watu mia hawawezi kuliangusha. Mtu alikuwa amechomeka kijiti chini ya ukingo wake. Nikaegemeza mabega, nikasukuma, nikaachia, nikasukuma tena kwa mpigo uleule. Mikononi sikusikia kitu, ila wenzangu wakapiga kelele: kijiti kilikuwa kinapinda na kunyooka. Watoto wa Kikorea waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi.

Ukiinua macho unaiona Ulsanbawi, vilele sita vya matale meupe vimechomoza juu ya miti. Wanasimulia kwamba Muumba alipotaka kuutengeneza mlima mzuri kuliko yote, Geumgangsan, aliita miamba mizuri ya nchi nzima. Mwamba wa Ulsan, mji wa kusini-mashariki, ukafunga safari, lakini kwa uzito wake ukachelewa. Ulipofika Seoraksan ukasikia nafasi zimejaa, ukaona haya kurudi kwao, ukabaki hapahapa. Leo Geumgangsan iko Korea Kaskazini, ng'ambo ya mpaka.

Kisa hakikuishia hapo. Mkuu wa Ulsan akawa anakuja kuwadai watawa kodi ya mwamba wake. Mtawa kijana akamwambia: basi uchukue. Mkuu akajibu kwamba ataubeba wakiufunga kwa kamba ya majivu. Watawa wakasuka kamba ya nyasi, wakauzungushia mwamba, wakaitia moto, na majivu yakabaki yamelala katika umbo la kamba. Mkuu akaondoka mikono mitupu, na kodi ikafa. Msomeeni mtoto kisa hiki kabla hamjapanda. Ataupanda mlima kwa hamu nyingine.

Kutoka Gyejoam kwenda juu ni kazi. Ngazi za chuma zimeng'ang'ania mwamba, na upepo unavuma kweli, shika reli. Mwenye magoti mabovu aishie kwenye jiwe, hatakuwa amepoteza safari. Anayeweza apande, maana kileleni, mita 873, unaona mji wa Sokcho na bahari upande mmoja, na upande wa pili Daecheongbong, kilele kirefu kuliko vyote vya Seoraksan, chenye mita 1,708.

Naipa nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya msongamano: Oktoba, majani yanapogeuka mekundu, foleni ya basi na ya ngazini inachosha kuliko kupanda kwenyewe. Nenda siku ya kazi, fika asubuhi mapema, vaa viatu vyenye soli inayoshika, beba maji. Ukishuka, kula chapati za viazi, gamjajeon, kwenye migahawa ya karibu na lango, zikiwa bado zinachuruzika mafuta.