Waifai au LoRa kwa ESP32 yako?
Wadau wa Masasi na Nachingwea mnaotaka kupima unyevu wa ghala la korosho kwa ESP32 (kikompyuta kidogo cha kusoma sensa na kutuma data), kama ghala liko jirani na nyumba mi nasema waifai tu, unaandika jina la mtandao na paswodi kwenye programu basi imeunga, ila hakikisha ruta au hotspoti inarusha 2.4 GHz maana ESP32 ya kawaida 5 GHz haiioni kabisa na hapo ndo wengi wanakwama. LoRa, yaani redio ya kutuma data mbali bila intaneti, ni ya shamba la mbali, pakiwa wazi inafika kilomita kadhaa, lakini data inabeba kidogo, picha sahau, na moduli (kifaa cha LoRa chenyewe) unanunua mbili, ya kutuma na ya kupokea. Mikorosho ikiwa minene inyanyue antena, na usirushe data kabla hujaifunga hiyo antena, moduli inaweza kuungua.