Seti ya kushonea ngozi kwa mkono: nimeipima kwa ala ya kisu

Seti hii nimeinunua dukani Arusha na hadi sasa nimeshonea ala tatu, ya kwanza ya kisu cha jikoni chenye bapa la sentimita 11. Ndani ya boksi kuna uma wa kutobolea wa meno manne na mwingine wa meno mawili, nafasi kati ya jino na jino milimita 4. Msharasi mmoja (chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi), sindano sita zenye ncha butu, uzi wa nta wa milimita 0.8, chuma cha kuchorea mstari wa mshono, na kipande cha ngozi cha kuanzia. Niseme mapema: vyuma vinafaa, uzi unafaa, ngozi haifai. Na ala ni ngozi.

Kipande kile ni ngozi ya kromu, yaani iliyosindikwa kwa chumvi za kromu, unene wa milimita 1.5. Kuitambua ni rahisi. Kata ukingo kwa wembe mpya uangalie katikati: ya kromu ina kijivu kinachoelekea bluu, ilhali iliyosindikwa kwa magome ya miwati ni kahawia kutoka juu hadi chini. Kisha idondoshee maji. Ya miwati hulinywa tone na kuiva rangi papo hapo. Hiyo ndiyo unayoitaka, kwa sababu ikilowa hulegea, na ikikauka hubaki na umbo ulilolipa. Ya kromu ikikauka inarudi kuwa laini kama kitambaa, na kisu kinacheza ndani. Tafuta ya milimita 3 hadi 3.5, kipande cha sentimita 20 kwa 30 kinatosha na mabaki yanabaki. Hata Moshi, mji wenye kiwanda cha ngozi cha Karanga, muuzaji akikwambia "hii ni ngozi halisi" bado hajakujibu, maana ya kromu nayo ni halisi. Muulize imesindikwa kwa nini.

Chora kwanza kwenye karatasi ya manila. Laza kisu, kizungushie penseli, kisha kibiringishe juu ya mgongo wake uchore upande wa pili. Upande wa makali acha milimita 12. Ukihamishia mchoro kwenye upande wa nyama, yaani upande wa ndani ulio mkwaruzo, kumbuka ala itatoka imegeuka: ya mkono wa kulia inakuwa ya kushoto. Na kitanzi cha mkanda kishonwe sasa, ngozi ikiwa bado bapa. Ukishakunja na kugundisha, mkono hauingii tena ndani.

Kijikaratasi cha maelekezo hakisemi lolote kuhusu ukanda wa kati, na hapo ndipo ala nyingi za kwanza zinapokufa. Ukikunja ngozi na kushona moja kwa moja, makali yanakaa juu ya uzi. Kila ukichomeka kisu unakata nyuzi kidogo kidogo hadi mshono unafunguka. Kata ukanda wa ngozi ileile, upana milimita 10, uuweke katikati ya kuta mbili kufuata mstari wa makali, ili kisu kikutane na ngozi na siyo na uzi. Gundi ya mafundi viatu inatosha. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidoleni, ndipo ubane. Ukanda una uso mmoja laini, upande wa manyoya; usugue kwa msasa kwanza, la sivyo gundi itabanduka hapo.

Sasa una tabaka tatu, yaani milimita 10.5 kwa ngozi ya 3.5, na uma hauwezi kupita wote ukatoka umenyooka. Nautumia kuweka alama tu, unazama milimita 2 au 3, kisha namalizia kwa msharasi, chini nikiweka soli ya kandambili kuukuu ipokee ncha. Msharasi wa seti unakuja butu. Unoe kwenye msasa wa 400, halafu wa 1000, halafu usugue kwenye kipande cha ngozi, mpaka upenye bila kusukumwa kwa nguvu za bega. Msharasi butu hupinda njiani, na upande wa nyuma matundu yanatoka kama njia ya siafu.

Kijikaratasi kinasema uzi uwe mara nne ya urefu wa mshono. Kwa pochi nyembamba ni sawa; kwa ala utakwama katikati. Piga hesabu: mshono wa sentimita 14 ni pigo 35. Kila pigo, kila sindano inavuka milimita 10.5 na kutembea 4 juu, jumla 14.5, sindano ni mbili, kwa hiyo 29. Mara 35 ni karibu mita 1 nzima. Ongeza sentimita 40 za kushikia sindano na kurudi pigo tatu mwishoni. Kata mita 1.4. Sindano zote mbili zipite kila tundu, na inayotangulia iwe ileile kila mara, la sivyo pigo hazilali upande mmoja. Faida ya mshono huu ni kwamba uzi mmoja ukikatika, wa pili bado unashika.

Kulowesha: maji ya uvuguvugu, mpaka mapovu yaishe. Paka bapa mafuta, lizungushie nailoni ya kufunikia chakula, chomeka, kisha bonyeza kwa kidole gumba na mgongo wa kijiko hadi umbo la mpini lionekane. Toa kisu, anika kivulini. Kwa baridi ya Arusha mwezi wa Julai inachukua siku mbili. Moshi ni haraka zaidi. Usisogeze karibu na jiko, ngozi itajikunja na kupasuka. Ukingo naumalizia kwa msasa wa 120, 240 na 400, maji kidogo, kipande cha mpingo cha kusugulia, na nta ya nyuki.

Kisu usikihifadhi ndani ya ala. Tanini (dawa ya magome iliyosindika ngozi) na unyevu wa ngozi vitakipaka madoa meusi, na baadaye kutu.