Paipu za Breki za Stenlesi kwa Pikipiki ya Spoti: Ipi Ununue, Ipi Uache

Kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya jaribio hili. Egesha pikipiki, mwombe mwenzako ashike breki ya mbele kwa nguvu kisha aiachie, ashike tena, aachie. Wewe ibane paipu ya mpira kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, pale inapopinda juu ya madigadi. Ukihisi inatuna na kunywea kama mshipa wa shingo ya mtu anayebeba gunia, basi sehemu ya nguvu za vidole vyako inaishia hapo kwenye mpira badala ya kufika kwenye pedi.

Mimi nilifanya jaribio hili kwa mara ya kwanza kando ya barabara ya kushuka kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil, mikono ikitetemeka. Pikipiki ilikuwa Honda CBR600RR ya 2007, na paipu zake zilikuwa zile zile ilizotoka nazo kiwandani. Kona tatu za mwisho leva ilikuwa inakuja karibu kabisa na mpini, laini kama sifongo. Nilipofika nyumbani Kisumu nilibadilisha kwanza mafuta ya breki, na nusu ya ugonjwa ikapona. Nusu iliyobaki ilikuwa paipu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi wananunua paipu za stenlesi kama dawa ya kila kitu, wakati zina kazi yake maalum. Paipu ya stenlesi ina mrija wa ndani wa teflon, tundu lake kama milimita 3, umezungushiwa waya wa chuma uliosukwa ili usitanuke. Unaposhika breki, msukumo wote unakwenda kwenye kalipa, kile chombo kinachobana pedi kwenye diski. Leva inakuwa ngumu na inajibu mapema, na unajua kwa kidole kimoja umeshika kiasi gani. Hilo tu, lakini kwa anayeendesha kasi ni jambo kubwa. Tairi lililokwisha halitashika lami zaidi kwa sababu ya paipu, pedi zilizoungua hazitaamka, na mafuta yaliyochemka yatabaki yamechemka.

Hapo kwenye mafuta nikae kidogo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 4 (DOT na namba yake ni daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. DOT 5.1 inaanzia 260 na kushuka hadi 180. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, kwa hiyo leva inazama hata ukiwa na paipu za bei ya juu kuliko zote duniani. Watengenezaji wakubwa wa Kijapani wamezoea kushauri mafuta yabadilishwe kila miaka 2 na paipu za mpira kila miaka 4. Sasa hesabu: pikipiki nyingi za spoti tunazoendesha huku zimefika zikiwa zimeshatumika kwingine. Kama ni ya 2012 na hakuna aliyegusa paipu, umri huo umepita mara tatu.

Basi, haya ndiyo utakayopewa uchague, kuanzia ninachokipendekeza hadi kile ambacho nakuomba usikiguse.

Nafasi ya kwanza: seti kamili iliyotengenezwa kwa pikipiki yako na kampuni inayojulikana

Goodridge na HEL za Uingereza, Galfer ya Uhispania, Spiegler ya Ujerumani. Ukichukua yoyote kati ya hizi nne, iliyo halisi, hutajuta. Seti ya mbele mara nyingi huangukia kati ya dola 80 na 180 kabla ya usafiri. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, kisha ndiyo useme umepata bei. Pikipiki ndogo zenye diski moja mbele, kama Yamaha R15, Pulsar NS200 au KTM Duke ndogo, kama hazina ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge unapofunga breki) zinahitaji paipu moja tu mbele, kwa hiyo mzigo ni mwepesi.

Kwenye seti hizi kuna uamuzi mmoja ambao watu wanauruka: chuma cha vichwa. Kile kichwa cha mviringo chenye tundu la kupitisha bolti mafundi wanakiita banjo, na kinapatikana cha stenlesi, cha alumini, au cha chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Cha zinki ni cha bei nafuu na kinapendeza kikiwa kipya. Lakini sisi wa kando ya ziwa tunajua unyevu unavyokula chuma, na anayepanda Kakamega anajua mvua ya alasiri haikosi. Zinki ikichubuka tu, kutu inaanza. Lipa tofauti, chukua stenlesi. Alumini ni nyepesi na haili kutu kirahisi, ila inataka fundi mwenye mkono wa adabu asiyekaza kama anafunga gurudumu la lori.

Jambo la pili ni ganda la nje. Usinunue paipu ambayo waya wake uko wazi. Waya wa stenlesi ulio wazi ni kama tupa ya kusagia chuma: utasaga rangi ya tangi, utasaga foki, utasaga hata waya za umeme zilizo karibu. Tena vumbi la barabara zetu za ndani linaingia kati ya nyuzi na kukwaruza teflon polepole bila wewe kuona. Taka yenye ganda la plastiki, na ukiweza chagua ganda linaloonyesha ndani badala ya jeusi. Jeusi linapendeza, najua, lakini linaloonyesha litakuambia mapema kama waya umeanza kukatika.

Unapoagiza, andika aina, modeli, mwaka, na kama ina ABS au haina. Usiseme tu Yamaha R6. R6 ya 2016 na ya 2017 si kitu kimoja. Ya 2017 ilikuja na ABS na breki za mbele za R1. CBR600RR nayo ilianza kupatikana na ABS kuanzia 2009, kwa hiyo mbili za mwaka mmoja zaweza kutofautiana. Yenye ABS ina paipu za ziada zinazopita kwenye pampu yake, na seti nyingine zinaleta paipu zote wakati nyingine zinaleta za kwenye kalipa tu. Uliza kabla ya kulipa. Na fundi akikuambia "Bosi, tuipite tu hiyo ABS, itakuwa poa", mshukuru na uondoke na pikipiki yako.

Kuhusu mpangilio: pikipiki nyingi zina paipu moja inayoshuka kisha kugawanyika kwenda kalipa mbili. Seti ya mtindo wa mashindano inatoa paipu mbili moja kwa moja kutoka masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki), kila moja na kalipa yake, zikishikwa na bolti ndefu ya banjo mbili. Mimi napendelea huo wa paipu mbili kwa sababu maungio ni machache na hewa hutoka kwa urahisi zaidi.

Nafasi ya pili: paipu ya kutengenezewa kwa vipimo vyako, kutoka kwa watengenezaji hao hao

Hii ni ya aliyeinua handeli, aliyebadilisha foki, au mwenye modeli ambayo haina seti. Unatuma urefu na pembe ya kila banjo, wanakutengenezea na kuijaribu kwa msukumo kabla ya kuituma. Nimeiweka ya pili si kwa ubora, bali kwa sababu kosa la vipimo ni lako na hakuna atakayekurudishia pesa. Pima kwa uzi laini ukiufuata mkondo wa paipu ya zamani, gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa hewani ili foki zinyooke hadi mwisho. Spiegler wana msaada mmoja hapa: banjo zao zinaweza kuzungushwa kidogo ili zikae sawa, kwa hiyo ukikosea pembe kidogo bado unaokolewa.

Nafasi ya tatu: paipu mpya ya mpira, ya kampuni ya pikipiki yako

Hapa najua wengine watashangaa. Ndiyo, paipu mpya halisi ya mpira naiweka juu ya stenlesi isiyojulikana, na sina shaka yoyote. Kama pikipiki yako ni ya kwenda kazini kutoka Lanet hadi mjini Nakuru, na Jumapili unatoka hadi Nyahururu kwa mwendo wa heshima, paipu mpya ya mpira, mafuta mapya na pedi nzuri vitakufanya udhani umebadilisha pikipiki. Ukiinunua isome. Zilizotengenezwa kwa kiwango cha Marekani huandikwa DOT, alama ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, na herufi HR au HL. HL ndiyo isiyotanuka sana, ichukue hiyo ukiipata. Na tarehe ikiwa ya miaka sita iliyopita, unauziwa mpira uliozeekea rafu.

Nafasi ya nne: stenlesi isiyo na jina, ya mtandaoni au ya kwenye kaunta

Ina rangi nzuri, bei yake ni ya kuvutia, na mimi niliinunua. Ilikuwa ya breki ya nyuma, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni, ikaja ndani ya mfuko wa nailoni usio na hata karatasi. Waliandika "M10, inaingia pikipiki zote". M10 ni unene wa bolti tu. Bado kuna umbali kati ya jino na jino la bolti, kwa milimita. Pikipiki nyingi za Kijapani hutumia M10 yenye meno ya 1.25, na breki za Brembo kwa kawaida ni za 1.0. Bolti niliyoletewa ilikuwa ya 1.0. Iliingia mizunguko miwili kwa vidole, ikakaza. Fundi akasema ni uchafu, akashika spana. Tulipoitoa ilikuwa na uzi mwembamba wa alumini unaong'aa umejiviringisha kwenye meno yake, kama ganda la chungwa. Yale yalikuwa meno ya masta silinda yangu. Masta nyingine ilinigharimu mara kadhaa ya bei ya paipu.

Ikiwa bolti haiingii yote kwa vidole, simama hapo hapo.

Shida nyingine ya paipu hizi haionekani kabisa: jinsi banjo ilivyobanwa kwenye mrija. Huwezi kujua kwa macho kama iliwahi kujaribiwa. Ikichomoka, huchomoka siku umeshika breki kwa nguvu zako zote, kwa sababu hiyo ndiyo siku msukumo uko juu.

Usiguse: hozi ya trekta na paipu ya mtumba

Nakuru ni mji wa wakulima, na kule ukanda wa miwa, Muhoroni na Chemelil, matrekta ni mengi. Kwa hiyo mafundi wa hozi za hidroliki wapo, tena hodari. Watakukatia hozi yenye waya ndani, waibane banjo mbele yako, na itahimili msukumo bila wasiwasi. Tatizo ni mpira wa ndani. Hozi ya trekta imetengenezwa kwa mafuta ya madini. DOT 4 ni kitu kingine kabisa, hutengenezwa kwa glaikoli, na mpira wa aina hiyo ukikaa ndani yake huvimba na kulainika hadi vipande vinaziba njia. Breki zinaweza kushika zikakataa kuachia. Simlaumu fundi wa trekta. Kazi yake ni nyingine.

Paipu ya mtumba iliyotolewa kwenye pikipiki iliyoanguka sina maneno mengi juu yake. Hujui ilivutwa namna gani siku ile.

Siku ya kufunga

Anza na breki ya mbele, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Ya nyuma inaweza kungoja mshahara ujao. Nunua washa mpya za shaba au alumini: mbili kwa kila banjo moja, tatu pale banjo mbili zinapokaa kwenye bolti moja. Za zamani zimeshabonyea, usizirudishe. Tafuta fundi mwenye spana ya kupima nguvu ya kukaza. Vitabu vya pikipiki nyingi za Kijapani vinataka takriban niutoni-mita 23 hadi 35, fuata cha kwako. Funika tangi kwa kitambaa na uwe na ndoo ya maji karibu, maana mafuta ya breki yanakula rangi.

Hewa sugu hujificha juu, kwenye banjo ya masta silinda. Mkishamaliza kuitoa na leva bado inalegea kidogo, ivute hadi iwe ngumu, ifunge kwenye mpini kwa ukanda wa tyubu, ule ule watu wa boda hufungia mizigo, na uiache usiku kucha. Asubuhi vipovu vingi vitakuwa vimepanda hadi kwenye kikopo cha mafuta ya breki.

Kisha geuza handeli hadi mwisho kushoto, hadi mwisho kulia, inua gurudumu la mbele, bonyeza foki, huku ukiangalia kama paipu inavutika au inagusa kitu. Shika leva kwa nguvu zako zote kwa dakika nzima, halafu zungushia kila banjo karatasi nyeupe ya shashi. Karatasi ikitoka kavu, endesha polepole mtaani mwako kwanza. Baada ya wiki moja rudia na karatasi nyingine, kabla hujaelekea Timboroa au mteremko wa Tambach.