Kinyweleo cha bakteria: chembamba hivi, kinavuta vile!

Wadau, karibuni. Leo hakuna boksi la kufungua, maana bidhaa yenyewe ina unene wa nanomita 6 hivi. Ni kinyweleo cha bakteria, wenye fani wanakiita pilasi aina ya 4. Na kabla hujaniandikia kwenye komenti kwamba una hadubini ya kubandika kwenye simu, umeipata kwa bei poa na utakiona: hukioni. Hadubini ya mwanga wa kawaida inagota kwenye nanomita 200. Muuzaji akikuwekea picha ya bakteria mwenye manyoya juu ya boksi, ujue hiyo picha haikupigwa na kifaa kilichomo. Wananikera hawa, basi tu.

Bakteria ni nini mnajua, tusimalize bando. Mimi nimekuja kwa jambo moja: kuvuta.

Angalia mezani. Hii ni futi ya fundi, ya chuma, inayojirudi yenyewe. Navuta chuma, nakifunga, kile kindoano cha mbele nakitegesha kwenye ukingo wa kioo. Sasa naachia kitufe… umeona? Ukingo haujaja kwangu. Futi nzima ndiyo imekimbilia ukingoni! Ngoja nirudie, kamera ilikuwa mbali. Haya. Twende… paap! Bakteria anatembea hivyo. Anatoa uzi, ndicho hicho kinyweleo, ncha inanata mbele, uzi unarudi ndani, mwili unaburutwa. Anaachia, anatoa mwingine. Ni mwendo wa kushtukashtuka, hauna urembo wowote.

Ila futi inakunja chuma tumboni. Bakteria nafasi hiyo hana, kwa hiyo anaubomoa uzi kuanzia shinani, chembe moja moja ya protini, na chembe zinabaki kwenye utando wake zikisubiri kujenga uzi mwingine. Injini ya kujenga inaitwa PilB, ya kubomoa PilT. Uzi ukirudi kwa mikromita 1 kwa sekunde, hapo zimeng'oka chembe kama 1,000. Kwa sekunde moja, jamani!

Mwaka 2000 Alexey Merz, Magdalene So na Michael Sheetz walionyesha kwamba huko kurudi kwa uzi ndiko kunakomsogeza bakteria wa kisonono. Vipimo vilivyofuata vikakuta uzi mmoja unavuta kwa zaidi ya pikonyutoni 100, kama mara 10,000 ya uzito wa bakteria mwenyewe. Mwaka 2001 Jeffrey Skerker na Howard Berg wakapaka rangi inayong'aa kwenye bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, na nyuzi zikaonekana mubashara zikitoka, zikinata, zikirudi.

Timu mkia, nawasikia. Ndiyo, flagela, yaani huo mkia wa bakteria, inazunguka, na E. coli, bakteria wa utumboni, anaogelea mikromita 20 hadi 30 kwa sekunde. Kwa spidi mmetupiga, na kwenye maji sibishani. Lakini bakteria wa kisonono hana mkia hata mmoja, na kazi yake anaifanya, tena sana.

Kuna na pilasi aina ya 1, ya E. coli wa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Hii haivuti, inashika tu. Nchani ina protini iitwayo FimH inayong'ang'ania sukari ya manosi kwenye ukuta wa kibofu. Ungedhani mkojo ukipita kwa kasi utamng'oa. Wapi! Ukimvuta ndiyo anakaza, na uzi wenyewe unajinyoosha ili usikatike.

Hapo ndipo kinapoanza kuniudhi. Nilikuja kukisifia, sasa sijui. Walijaribu chanjo ya kisonono iliyolenga hiki kinyweleo, wakaipima kwa wanajeshi wa Marekani, ikagoma. Bakteria huyu anabadilisha sura ya protini ya uzi wake, kinga ya mwili inabaki inamtafuta yule wa jana. Kipindupindu naye anautumia uzi wa namna hii kunasa vipande vya DNA vilivyozagaa nje na kuviingiza ndani. Kwa nini apewe vyote hivyo?

Bei? Bakteria analipa kwa ATP, nishati ya seli, wewe unalipia famasi.

Tangazo: video za Alhamisi zinahamia Jumamosi, na ijayo ni zamu ya mkia, mmeuomba mno. Timu mkia leteni hoja. Matusi nafuta.